Jiko la Mama Lusekelo

Tatizo la Ikama lilikuwa kwamba wagonjwa wote walikuwa wanapona.

Mahali pengine watu wangepiga vigelegele. Lakini Daktari Shekalaghe, aliyejitokeza kwa picha kwenye ukuta wa ofisi ya wodi asubuhi ile ya mvua, hakuwa na sura ya vigelegele hata kidogo. Alikuwa makao makuu ya Mfuko wa Nafsi, uliosimamia tiba za akili, mbali kabisa na milima ile, na kila baada ya sentensi mbili alivua miwani akaipangusa ingawa haikuwa na uchafu wowote.

"Shikamoo, daktari," alisema muuguzi Subilaga, huku akikwangua matope kwenye viatu.

"Marahaba, sista. Umekaa?"

"Nimekaa."

"Basi sikiliza. Wale wenye vilemba vilivyokufa, nao wanapona."

Subilaga akaacha kukwangua viatu.

Kilemba ndilo jina ambalo watu wa Ikama walikipa kile kifaa tangu siku kiliposhushwa kwenye gari. Kilikuwa na jina lake la kitaalamu, refu, la kukuchosha kabla hujalimaliza, na hakuna aliyejihangaisha nalo. Kilikuwa utepe mweusi mpana wenye nyaya nyembamba ndani. Mgonjwa alijifunga kichwani saa moja kila siku. Kikipata joto kilivuma taratibu, na mvumo ule ulisukuma midundo ya ubongo uliozama kwenye huzuni, ukaurudisha polepole kwenye mwendo wake. Hivyo ndivyo wataalamu walivyosema. Ila nusu ya vilemba vilivyoletwa Ikama vilikuwa vimekufa, kwa makusudi, ili wataalamu walinganishe. Vilipata joto, vilivuma, lakini havikusukuma chochote. Nani alipewa kipi, si mgonjwa aliyejua, si Subilaga, wala Daktari Shekalaghe mwenyewe. Iliyojua ni Mizani peke yake, mashine kubwa ya Mfuko, iliyotoa jumla za makundi bila majina, na ambayo kila mgonjwa aliibebea sikio lake: kifungo kidogo cheupe kwenye kola, kilichopima usingizi, mwendo na sauti.

"Kama aliyefungwa kilemba kilichokufa anapona sawasawa na aliyefungwa kilicho hai," daktari aliendelea, "Mizani itasema nini? Itasema kilemba hakina kazi. Na ikishasema hivyo, Sheria ya Ushahidi unaijua."

Aliijua vizuri mno. Serikali haikutoa tena hata senti kwa tiba ya akili ambayo haijathibitishwa, na tiba iliyokataliwa na Mizani haikurudi kupimwa mpaka miaka kumi ipite. Sheria yenyewe haikutungwa na wabaya. Kabla yake matapeli walikuwa wamekula fedha za umma hadi wakavimbiwa, wakiuza mafuta ya kupaka utosini na mashine za kufukuza mawazo. Lakini sheria ilipopita ilifagia kila kitu. Wodi ya Ikama ikapoteza bustani ya kabichi, kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha kwa tarakimu kwamba kulima kabichi kunatuliza moyo. Ikapoteza ngoma ya Ijumaa. Ikapoteza washauri wake wawili, watu wazuri kabisa, waliorudi kwao na masanduku yao. Vikabaki vitanda, na Subilaga.

Sasa hata vitanda hivyo vilining'inia kwenye kilemba.

"Vituo vingine viwili tofauti inaonekana wazi," alisema daktari. "Kwako tu ndiyo haionekani. Na kwako ndiko kwenye watu wengi. Nenda kaangalie, sista. Kuna kitu kinaendelea huko."

*

Mama Lusekelo aliishi kwenye tuta la juu la mlima, migomba ikiwa chini ya nyumba yake na mashamba ya chai juu. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kupona Ikama nzima. Tangu mwanawe Lusekelo afie machimboni alikuwa amelala akiangalia ukuta, haogi, hali mpaka alishwe, na majirani walishaanza kuulizana kwa kunong'ona wangemzika upande gani wa shamba. Akafungwa kilemba. Haikupita muda akaamka, akafagia uwanja, akamgombeza mtu kuhusu mbuzi aliyeingia shambani. Siku alipomgombeza mwenye mbuzi, watu walifurahi kana kwamba mapacha wamezaliwa.

Subilaga alisikia vicheko kabla hajaliona jiko. Lilikuwa jiko la nje, la mabanzi, moshi ukitokea kwenye paa. Akapiga hodi. Vicheko vikakatika.

Ndani waliketi wanawake sita au saba kwenye vigoda, wamezunguka beseni moja, wanamenya viazi. Wote walikuwa wagonjwa wake. Vilemba vyao vilikuwa vimetundikwa kwenye misumari karibu na mlango, vimeshika masizi. Kimoja tu ndicho kilichokuwa kinavuma, kichwani kwa Ipyana.

"Shikamoo, mama," alisema Subilaga.

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kigoda hicho hapo."

"Mama, hicho kilemba alichovaa Ipyana ni cha nani?"

"Changu," alisema Mama Lusekelo, bila kuficha.

"Na kwa nini kiko kichwani kwake?"

Mama Lusekelo akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Sasa wewe ulitaka nile peke yangu?"

Jamani. Subilaga alitamani kucheka, akatamani kulia, akaishia kukaa kwenye kigoda alichoonyeshwa.

"Changu ndicho kilicho hai," mama akaeleza, kwa upole, maana aliona sista hajaelewa. "Kila mtu aliona nilivyoamka. Hawa masikini vyao vimekufa, wanalala navyo wanaamka vilevile. Nimepata mimi, halafu nifunge mlango nijivalie? Watu wanishangae? Tukapeana zamu. Anayesubiri zamu anamenya. Vikiiva tunakula."

Angepaswa kulijua hili tangu mwanzo. Aliwajua watu hawa, kwa sababu alikuwa mmoja wao. Mama akipewa vidonge vya mtoto mmoja na nyumbani kikohozi kimewakamata watatu, vidonge vinakatwa, kila mmoja anapata chake, na kikohozi hakimwachi hata mmoja. Siku ya kueleza jaribio, wanawake hawa walikuwa wameitikia kwa kichwa kila sharti alilowasomea. Walikubali kifungo cha kola. Walikubali kutojua. Kula peke yao halikuwa jambo walilowahi kukubali, na yeye hakufikiria hata kuuliza.

"Dada Subi, usitusemee," alisema Ipyana kutoka chini ya kilemba. "Kwanza ngoja nimalizie ya huyu kuku."

Alikuwa akiwasimulia habari ya kuku wa jirani aliyeamua kutagia kitandani kwake. Kila siku anamfukuza, kila siku anarudi, na sasa Ipyana alikuwa amehamia upande wa ukutani ili bibi huyo apate nafasi. Wenzake wakaanza kucheka upya. Subilaga hakucheka. Alikuwa anamwangalia tu.

Mlima ulipoporomoka msimu wa mvua uliotangulia, Ipyana alikuwa mashineni anasaga. Alirudi na debe la unga kichwani akakuta mahali pa nyumba yake pana tope, na chini ya tope mume wake na kabinti kao. Mara mbili Subilaga alimpokea wodini akiwa ameamua kufa, na mara zote mbili alimkesha akiwa amemshika mkono, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kumpa. Sasa mwanamke yuleyule alikuwa anasimulia habari za kuku, tena kwa madoido.

*

"Sijasikia chochote," alisema Daktari Shekalaghe, baada ya kusikia yote. "Unanielewa, sista? Mpaka uniambie rasmi, sijasikia."

"Na nikikuambia rasmi?"

Akavua miwani. Alikuwa mtu mwema, na hilo lilifanya mazungumzo yawe magumu zaidi. Angekuwa mkorofi, Subilaga angemchukia yakaisha.

Alieleza polepole. Subilaga akinyamaza, Mizani itafunga hesabu, itasema kilemba hakina kazi, na milima yote itakaa miaka kumi bila kitu. Akisema, sheria inaruhusu Ikama irudie miezi mitatu. Kila kilemba kitafungwa kwa kichwa cha mwenyewe, kikivaliwa na mwingine kinazimika. Na wagonjwa watenganishwe. Wasikutane, wasitembeleane, yeye mwenyewe asiwatembelee nje ya siku ya kipimo, maana ziara ya muuguzi nayo ni tiba, tena isiyothibitishwa.

"Kwa hiyo wenye vilivyokufa watazama tena," alisema Subilaga.

"Baadhi yao."

"Ndipo Mizani ione tofauti."

Daktari akaivaa tena miwani yake.

"Daktari, sema tu. Ili ithibitike kwamba dawa inafanya kazi, inabidi wengine wazidiwe."

"Mizani itakupigia kengele mtu akizidiwa," alisema. "Ikilia, unakwenda mbio, unamtoa kwenye jaribio, unamhudumia. Hatuwaachi hivi hivi."

Siku ile Subilaga hakula. Alifikiria kaka yake. Gwakisa alikuwa kijana wa kuimba kwaya, sauti nene, kisha akili ikamgeuka, na kwa kuwa wodi wakati huo haikuwa na tiba yoyote, baba yao alimfunga kamba kwenye chumba cha nyuma. Si kwa ukatili. Baba alikuwa analia huku anafunga. Gwakisa alikaa pale mpaka alipokufa, na mpaka leo Subilaga hawezi kuona kamba ya katani akaishika. Kwenye milima ile vyumba vya nyuma vya namna hiyo vilikuwa bado vipo. Alivijua kwa majina ya wenyewe. Kilemba kikipita, kamba zingefunguliwa.

Upande mmoja watu wote wale. Upande wa pili wanawake wachache na beseni la viazi. Ukiliweka hivyo, hesabu ni nyepesi. Lakini wale wa upande mmoja hakuwaona nyuso, na hawa walikuwa wamemwambia akae.

Akapiga moyo konde, akasema rasmi.

*

Alikwenda kuwaambia mwenyewe. Hakutaka wasikie kwa mtu mwingine.

Walimsikiliza mpaka mwisho. Aliwaambia habari za milima yote, za wodi, za miezi mitatu. Hata habari za Gwakisa aliwaambia, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mgonjwa. Mama Lusekelo alikuwa ameacha kumenya, kisu kimelala mapajani.

"Kwa hiyo kilemba changu kikifungwa, hawa hakitawafaa tena," alisema.

"Hakitawafaa, mama."

"Na ukisema watu wengi, ni wengi kweli?"

"Wengi sana."

Mama akatikisa kichwa. "Basi, tufanyeje. Wakipona wale, na hawa watapata vyao."

"Watapata. Wa kwanza kabisa."

Ndipo Ipyana akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kuhakikisha bei sokoni.

"Hata kukaa tu, dada? Bila kilemba. Kumenya tu."

Subilaga aliyakumbuka masharti. Alijua jibu, na alijua pia kwamba angeweza kudanganya, wala Mizani isingejua, kwa kuwa kifungo cha kola hakikupima mtu yuko wapi wala anaongea na nani. Lakini alikuwa ameshaliharibu jaribio mara moja kwa kutouliza, na aliapa moyoni kwamba safari hii halitaharibika mikononi mwake.

"Hata kukaa," alisema. "Miezi mitatu tu, mdogo wangu. Vumilia."

"Haya," alisema Ipyana. Akafungua kilemba cha Mama Lusekelo kichwani, akakikunja vizuri, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili. Kisha akatungua chake kwenye msumari na kukipangusa masizi kwa ncha ya kanga.

*

Mwezi wa kwanza Mizani haikulia. Mwezi wa pili ililia kwa mzee mmoja wa bondeni, Subilaga akaenda mbio kweli, akamkuta, akamtoa kwenye jaribio, mzee akapona. Alirudi akiwa na imani. Chombo kilikuwa kinafanya kazi yake.

Kwa Ipyana hakikulia. Kila asubuhi Subilaga alitazama mistari yake kwenye ukuta. Usingizi mzuri. Mwendo mzuri, tena mwingi, mwanamke alikuwa anatembea kutwa nzima. Mstari wa sauti tu ndio uliokuwa mtupu. Alimuuliza daktari kwa nini.

"Anakaa peke yake," alisema daktari. "Haongei na mtu, kwa hiyo hakuna cha kupima. Mizani inahesabu kama taarifa haipo. Haimhesabii vibaya."

"Wala vizuri."

"Wala vizuri. Inaruka tu."

Siku moja alipita njia ya kwa Ipyana. Alijidanganya kwamba ni njia ya mkato. Nyumba mpya, ya mabati, waliyomjengea majirani, ilikuwa nyuma ya ua wa michongoma, na mlio wa ufagio ulisikika tangu mbali. Ipyana alikuwa anafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Kuku wa jirani alikuwa kizingitini.

Kwao, mtu hapiti uani kwa mwenzake bila hodi. Hata kama mmegombana, hata kama una haraka ya kwenda kuzika, unapiga hodi, unajulia hali, unaendelea. Kupita kimya ni kumwambia mwenye nyumba kwamba kwako amekwisha kufa. Subilaga alifungua mdomo. Hodi ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Kisha akakumbuka: si siku ya kipimo. Ziara ni tiba.

Ipyana aliinua uso, akamwona. Wakatazamana juu ya michongoma. Alikuwa amekonda. Akainua mkono mmoja, ule usioshika ufagio, akampungia. Hakusema neno, masikini. Alikuwa anafuata masharti, ili asimharibie dada yake kazi.

Subilaga naye akapunga, akaendelea na njia. Alitembea mpaka kwenye kona, na alipopita kona akachuchumaa kwenye majani ya chai akalia, mkono mdomoni, asije akasikika.

*

Majirani ndio waliomkuta Ipyana. Mwenye kuku alikuja kumtafuta kuku wake, akaona mlango umerudishwa, akasukuma. Mizani haikuwa imelia. Mpaka asubuhi ile ilikuwa inaonyesha usingizi mzuri.

Walimzika pembeni ya mahali ilipokuwa nyumba ya kwanza, karibu na mume na mtoto. Matangani wanawake wote wa beseni walikuja, na ndiyo ikawa mara ya kwanza kukutana tangu walipotenganishwa. Waliketi chini pamoja. Subilaga alikaa nyuma ya watu. Hakuna aliyemlaumu, na angepata nafuu kama mmoja wao angemlaumu.

Miezi mitatu ikaisha. Daktari Shekalaghe akajitokeza ukutani, akanywa maji kwanza.

"Imepita," alisema. "Tofauti imeonekana. Wenye vilivyo hai walibaki juu. Wenye vilivyokufa walishuka, na mmoja wao..."

"Ana jina."

"Ipyana. Najua. Samahani, sista. Lakini kilemba ni cha kweli. Fedha zimeidhinishwa kwa nyanda zote za juu. Vyumba vya nyuma vitafunguliwa, kama ulivyotaka."

Subilaga alitaka kufurahi. Alijitafutia furaha ndani yake, akakuta kidogo, na kidogo hicho kilimtia aibu.

"Sasa siri imefunguliwa?" aliuliza. "Naweza kujua nani alikuwa na kipi?"

"Unaweza."

Majina yakashuka ukutani. Cha Ipyana kilikuwa kimekufa. Hilo alilitegemea. Macho yakaendelea kushuka mpaka kwa Mama Lusekelo, yakasimama hapo. Akasoma. Akasoma tena.

"Daktari, hapa pamekosewa."

"Wapi?"

"Mama Lusekelo. Yeye ndiye aliyekuwa na kilicho hai. Ndicho walichokuwa wanapeana."

Daktari akatazama upande wake. Akachukua muda mrefu. "Hapajakosewa," alisema. "Kilikuwa kimekufa. Tangu kilipotoka kiwandani hakikuwa na kitu ndani."

Mvua ilikuwa inapiga bati la wodi.

"Labda Mama Lusekelo mwenyewe aliamka kwa sababu tu watu walikuwa wanakuja kumfunga kilemba kila siku," alisema Subilaga, akiongea taratibu, kama anayehesabu hatua gizani. "Halafu wengine wakaja kukaa naye. Wakapona. Kwa kitu kilichokufa. Daktari, lile jiko lilikuwa linaponya watu."

"Huenda."

"Basi liombee fedha."

"Siwezi, sista. Sikatai. Ila halikuwamo kwenye jaribio. Hakuna aliyelipima."

"Basi tulipime."

"Tulipime vipi?" Sauti yake haikuwa na dharau, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Tuchukue watu, nusu tuwakusanye jikoni, nusu tuwaache kila mmoja nyumbani kwake peke yake, tuone..."

Daktari alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe.

"Tumeshalipima," alisema Subilaga.

*

Vilemba vipya vilifika wiki iliyofuata, vyote hai, kila kimoja na jina la mwenyewe kwenye boksi. Alichukua la Mama Lusekelo akalipandisha tutani. Njia nzima alikuwa anabishana na nafsi yake.

Angeweza kunyamaza. Mizani haikumlazimisha mtu kumweleza mgonjwa. Na mama alikuwa mzee, amezika mtoto, amezika na Ipyana. Kwa nini kumwongezea?

Jiko lilikuwa na moto lakini halikuwa na watu. Mama Lusekelo alikuwa peke yake na beseni dogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaonyesha kwa kidevu. "Kaa, kigoda hicho hapo."

Subilaga akakaa. Akamkabidhi boksi. Mama hakulifungua. Aliliweka chini, mbali na maji.

"Nakuuliza kitu, mwanangu," alisema. "Kila siku nalala nacho. Kile kilemba changu cha kwanza, kilikuwa hai, nikakaa nacho humu ndani, navaa peke yangu, na Ipyana yuko pale ng'ambo. Ningekwenda hata siku moja. Mngekifungua tu kwa saa moja, akavaa. Mimi ndiye niliyemnyima. Au siyo?"

Kumbe na yeye. Miezi yote ile mama alikuwa amebeba kosa ambalo halikuwa lake. Subilaga akaona kwamba akinyamaza, mwanamke huyu ataingia nalo kaburini. Na akisema, kosa litahama, na alijua litahamia kwa nani.

"Hukumnyima kitu, mama. Kilemba chako kilikuwa kimekufa. Tangu siku ya kwanza."

Mama Lusekelo aliacha kumenya. "Changu?"

"Chako."

"Mbona niliamka?"

"Sijui, mama. Uliamka."

"Na hawa? Mbona walivaa wakapona?"

Subilaga aliona jibu likimfikia mama polepole, likipita kwenye misumari ile karibu na mlango, kwenye vigoda vitupu, kwenye beseni.

"Kumbe tulikuwa tunakaa tu," alisema.

"Mlikuwa mnakaa tu."

"Yule mtoto aliuliza. Unakumbuka? Alisema, hata kumenya tu."

"Nakumbuka."

"Ukamwambia hata kukaa."

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

Mama Lusekelo alilia bila sauti, uso umeinama, machozi yakidondokea kwenye maji ya viazi. Subilaga hakuthubutu kumgusa. Alikaa na mikono yake mapajani, akingoja afukuzwe. Angeona ni haki. Lakini mama alipomaliza alijifuta kwa kitenge, akavuta gunia, akamwaga viazi kwenye beseni, vingi mno kwa mtu mmoja.

"Nenda kawaite," alisema, bila kumtazama.

"Akina nani, mama?"

"Wote. Na wale ambao hawajawahi kuja. Pita nyumba hadi nyumba, waambie Mama Lusekelo amebandika viazi."

Subilaga akatoka. Mvua ilikuwa imeanza tena, ile nyembamba ya milimani isiyo na mwisho. Akashuka kwa wa kwanza, akapiga hodi. Akaenda kwa wa pili, kwa wa tatu, kila mlango hodi, kila mlango akijulia hali, na mmoja mmoja wakaanza kutoka, wamejifunika kanga, wakipandisha tuta.

Njia ikamfikisha kwenye ua wa michongoma. Uwanja ulikuwa na majani, hakuna aliyekuwa amefagia. Angeweza kupita, hapakuwa na mtu wa kukasirika. Akasimama.

"Hodi," alisema.

Akangoja, kama inavyotakiwa.

"Hodi, mdogo wangu."

Kuku wa jirani akatoka kizingitini, akamtazama, akarudi ndani. Subilaga akapiga hodi ya tatu, kwa sauti kubwa zaidi, ya kusikika nyumba nzima, akasimama mvuani mpaka alipokuwa na hakika kwamba amengoja vya kutosha. Kisha akaendelea na nyumba iliyofuata.